Ndege Yako Inapita Juu ya Kiamunyi

Kwako Njoroge, ndugu yangu wa angani,

Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika.

Unakumbuka Kiamunyi ilipokuwa mahindi matupu, kabla ya ploti na mageti? Tulikuwa tunalala chali kwenye nyasi nyuma ya zizi, na ndege ikipita unapiga kelele, "Nikikua nitapanda hiyo, niwarushie mkate!" Mama alicheka mpaka akaacha kukamua. "Baba, rusha na siagi," akakuambia. Ulipewa jina la baba yake, kwa hivyo hajawahi kukuita vingine.

Sasa unaipanda kweli. Kazi yako iko Eldoret, mikutano yako iko Nairobi, na sisi tuko hapa katikati, chini. Safari ya kwanza ulimpigia simu ukisubiri kupanda. Ulijigamba kwamba kwa barabara ni karibu kutwa nzima, lakini kwa ndege haifiki hata saa moja. "Mathe, weka chai jikoni," ukamwambia. "Ikichemka nitakuwa hapo juu yenu."

Ulikuwa unatania. Yeye aliweka chai.

Tangu siku hiyo, kila ukiandika kwamba unapanda, anateleka sufuria, anajaza thermos, anaibeba hadi uani na vikombe viwili. Ndege ikisikika anapunga leso. Ikishapotea upande wa Naivasha anakunywa kikombe chake, halafu anakunywa na chako, kwa sababu kwa mama yetu chai ya mgeni haimwagwi. Hiyo barabara unayojisifu kuiruka, Njoroge, inapita karibu na mlango wake.

Nilipokupigia kukwambia macho yake yanafifia, ulisema, "Siz, niko tight na kazi. Nikipata gap nitashuka." Gap gani? Daktari alisema jicho moja limeshakwenda, la pili linafuata, na hakuna cha kulirudisha. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Baba atakuja lini nimwone uso?" Nilikupa maneno hayo yalivyo, bila kuongeza chumvi. Wewe ukatuma miwani. Miwani! Ya bei ghali, ndani ya kifuko cha ngozi. Niliifungia kwenye droo kabla sijaivunja.

Wiki iliyopita ukaandika tena kwamba unapanda. Siku hizi mimi ndiye namsomea. Chai ikachemka, akatoka uani akipapasa ukuta. Ndege ikapita upande wa ziwa, nyuma ya mgongo wake. Mama akapunga leso kwa nguvu zake zote, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa jirani.

"Nimemwona," akaniambia. "Na yeye ameniona?"

Nikasema ndiyo. Umenifanya nimdanganye mama yangu uani kwake, na hilo sijui nitakusamehe lini.

Njoo kwa barabara. Ukifika usianze kueleza habari za kazi. Piga magoti mbele yake, umpe uso wako aushike na autazame kwa hicho kidogo kilichobaki. Lakini ukituma tena habari za kupanda ndege, sitamsomea. Nitamwacha anywe chai yake akiwa ameketi.

Ni mimi niliyebaki chini,
Dada yako