Makopo Yote Haya na Mama Hali

Alhamisi, jioni. Upepo wa kusi umevuma tangu asubuhi na vumbi la hapa Gungu limeingia mpaka kwenye chumvi. Nimechoka, na leo sitaki kuandika kwa mapambo.

Mama amepungua tena.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mama yangu yuko kwangu tangu kiangazi kianze. Ametoka kijijini, njia ya Kasulu, kuja kutibiwa uvimbe wa tumboni. Daktari alitupa sharti moja tu. Ale, damu ipande, mwili upate nguvu, ndipo apasuliwe. Leo walimpima uzito, wakampima na damu, kisha daktari akamtazama nesi na nesi akatazama chini. Upasuaji umeahirishwa. Hawakutuficha kwamba uvimbe unaendelea kukua, na kwamba mtu aliyedhoofu hivi anaweza asiamke baada ya kisu. Mama alifunga kanga yake vizuri akasema asante, kama mtu aliyepewa lifti.

Tuliporudi nilitoa kabatini kila nilichomnunulia nikakipanga mezani. Samaki wa kopo. Maziwa ya unga. Biskuti zilizoandikwa kwamba zina vitamini. Unga wa protini wenye picha ya kijana aliyetunisha misuli, ambaye sijui anahusiana vipi na mama yangu. Vidonge vya madini ya chuma vya hospitali. Na vidonge vya mafuta ya samaki, ambavyo siku nilipovileta mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, maana ukisimama nyuma ya nyumba yetu unaliona ziwa.

Ziwa lenyewe limefungwa. Wamelipumzisha ili samaki wazaliane, na Baba Salma, mume wangu, ambaye kazi yake ni uvuvi, yuko nyumbani kuanzia alfajiri mpaka tunapolala. Mgebuka, samaki wetu wa kila siku, akiwa mbichi amekuwa hadithi. Ndivyo nilivyoingia kwenye makopo.

Nimekuwa msomaji wa lebo kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote shuleni. Mwanzoni nilidanganyika, kwa sababu kopo la samaki linataja virutubisho vyake kwa gramu mia, na unga wa protini unataja kwa kijiko, na kijiko chenyewe kilichomo ndani ni kikubwa kama upawa. Nikavileta vyote kwenye kipimo kimoja. Ule unga wa bei ya kuumiza, kitu cha kwanza kilichoandikwa kwenye viambato vyake ni sukari. Biskuti ni ngano na sukari, halafu vitamini zimenyunyizwa juu ili mzazi ajisikie vizuri. Samaki wa kopo, niliyemdharau, ndiye aliyesimama imara: protini ipo, na mifupa yake laini unaitafuna, ila chumvi yake ni nyingi. Vidonge vya chuma vina kazi yake kwenye damu, sivikatai, lakini havimpi mtu nguvu ya kunyanyuka kitandani. Na dagaa wakavu wa hapa kwetu, ukifikiri vizuri, nao ni chakula kilichosindikwa. Wamesindikwa na jua. Afisa lishe wa kliniki aliniambia wanalingana na mengi ya hayo makopo na wengine wanayapita, ni vile tu hakuna aliyewabandikia karatasi.

Yote hayo nayajua sasa. Nimeyaandika humu wiki baada ya wiki, nyie mkanipongeza.

Nisichokijua ni kwa nini mama akiwekewa sahani anamega matonge mawili matatu, anaisogeza pembeni na kusema, "Oya," yaani hapana kwa lugha ya kwao, "nimeshiba."

Kuna siku alikula. Baba Salma alikwenda msibani Mwandiga akalala hukohuko. Siku ileile nilikuwa nimeanza kumkorogea mama ule unga. Mchana alikula ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha mawese, akaongeza. Usiku akala tena. Nilikuja hapa mbiombio kutangaza kwamba unga unafanya kazi, na wengine wenu mkaniuliza unapatikana wapi. Naomba mnisamehe. Mume wangu aliporudi, mama akaacha kula, na mimi nikaamua kwamba kopo la pili lilikuwa feki. Nikanunua la aina nyingine.

Leo Baba Salma alikuja akasimama mbele ya makopo yangu. Hakucheka.

"Mama Salma, nilipokuwa msibani alikula?"

"Alikula."

"Na Ijumaa, nikiwa msikitini?"

Nikafikiri. Kweli, Ijumaa mchana sahani yake huwa inarudi na kidogo.

"Basi si unga," akasema. "Ni mimi."

Kwao Ujiji sinia ni moja, mkwe na asiye mkwe mikono inakutana humohumo. Lakini amevua miaka mingi na Waha, watu wa upande wa Kasulu, na mmoja wao aliwahi kumweleza jinsi wazee wao walivyo: mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Hatafuni mkwe akiwa anasikia. Na nyumba yetu haina dari. Kuta zinaishia njiani, juu ni bati tu, kwa hiyo kijiko kikigusa sahani chumbani kwa mama kinasikika chumbani kwetu. Mwaka jana alipokuja kututembelea alikula vizuri, na mimi sikujiuliza kitu, kwa sababu mwaka jana mume wangu alikuwa akiingia ziwani kila jioni.

Muha hapa ni mimi. Ndilo linaloniuma. Nililelewa mjini kwa shangazi, nikayachukulia mambo hayo kuwa ya zamani yaliyokwisha. Mtoto wa Ujiji, ambaye babu zake walivuka kutoka Kongo, ndiye aliyemwona mama yangu.

Nilimfuata mama chumbani nikamuuliza wazi. Hakukana.

"Ningesemaje, mwanangu?" alisema kwa sauti ya chini. "Nimtoe mwanaume kwenye nyumba yake?"

Nilikasirika. Nilikasirika vibaya sana, na ninaandika hili kwa sababu ni kweli. Nilimwambia kwamba hiyo heshima yake haitakuja kumzika, mimi ndiye nitakayemzika. Aliinamisha kichwa, na mikono yake ikaanza kukunja pindo la shuka na kulikunjua. Nilijuta kabla sijamaliza kusema. Mgonjwa ana njaa, ziwa limefungwa, mkwe hana pa kwenda, na yeye ameamua kwamba wa kuvumilia ni yeye.

Nikakaa kitandani kwake nikalia, tena si kilio cha kistaarabu.

Sijui kama tumewahi au tumechelewa. Tumeambiwa turudi baada ya mwezi apimwe tena, na mimi sina lebo ya kunieleza mwezi mmoja wa kula unaweza kurudisha nini.

Nilipotoka, Baba Salma alikuwa ameshavaa jaketi. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Mama, shikamoo. Ninashuka Katonga. Nitachelewa."

"Marahaba, mkwe," mama akajibu kutoka ndani.

Katonga hakuna kitu kipindi hiki. Mitumbwi imepinduliwa, meza za samaki ni tupu, na mama anajua hilo sawasawa na sisi.

Nimepika dagaa kwa mawese na nyanya, na ugali wa muhogo mlaini. Sikukoroga unga wala sikufungua kopo. Vidonge vya chuma nilimwekea pembeni kwenye kisosi, vile vya daktari tu. Nikamtengea chumbani, nikamnawisha, nikafunga mlango, nikatoka uani.

Baba Salma hakuwa amefika Katonga wala popote. Alikuwa nyuma ya jiko, amekaa juu ya tofali, kofia ya jaketi imemfunika masikio. Aliponiona akaweka kidole mdomoni. Nikakaa karibu naye. Upepo ulikuwa baridi. Tulisikiliza bati, tukasikiliza redio ya jirani, kisha tukasikia sahani ikiburutwa kwenye stuli. Aliziba masikio yake kwa viganja, mtu mzima yule, akaangalia chini.

Baada ya muda mama akaniita kwa jina.

"Mwite mwenye nyumba arudi," alisema. "Nimeshiba. Nje kuna baridi."

Niliingia. Nusu ya ugali ilikuwa imeliwa, na vidole vyake vilikuwa bado vina mawese.

"Bado yuko Katonga, Mama," nikamwambia. "Amesema atachelewa."

Akanitazama. Akasikiliza nyumba kwa muda. Kisha akaivuta sahani karibu yake tena.