Maneno ya Mama Kwenye Shuka

Ngulyati, Bariadi

Kaka Ndaki,

Mwangaluka. Pamba imepasuka vizuri mwaka huu, na mwanangu Flora ameanza kutembea. Kuku wote wanamkimbia.

Zile filamu zisizo na sauti, alizozikusanya Baba tangu enzi za gari la sinema, bado ninazipangusa vumbi. Juzi majirani waliomba ile ya wavuna pamba, nikatundika shuka uani. Unakumbuka humo marehemu Mama, bado msichana, anavyogeuka na kusema kitu huku anacheka? Baba ndiye aliyekuwa akitusimulia yote kwa Kisukuma, lakini maneno ya Mama alikuwa akiyabadilisha kila mara. Ya kweli, alisema, atatuambia siku moja.

Alinikataza kwa mkono nisikwambie, ila nimechoka kuficha. Baba amepooza upande mmoja, kaka. Hawezi kusema tena.

Juzi watu walimgeukia wakingoja asimulie. Wengine wakacheka, wakidhani anatania. Kisha Mama akageuka pale kwenye shuka, na midomo ya Baba ikacheza sawasawa na yake, mpaka mwisho. Hatukusikia hata neno moja.

Njoo Baba angali anamtazama Mama.

Mdogo wako,
Apolonia