Nyama ya Kunirudisha Kazini

Noonkopir,
Kitengela.
14 Juni 2025

Mpendwa Anti Munyiva,

Pokea salamu zetu huko Lodwar. Joto linakutendeaje? Miguu bado inavimba, ama ulipata dawa? Hapa ni baridi na vumbi, na Mama anakohoa kidogo, lakini tuko sawa. Mimi niko mzima, ila tangu jana chakula hakinipiti kooni.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwa simu nitasema niko poa, halafu ninyamaze. Unanijua. Barua nampa Makau jirani yetu, anapeleka mzigo huko.

Anti, niliacha kazi ya bucha. Naona aibu kukuambia, maana ni wewe ulimwomba Mzee Mwololo anichukue nilipomaliza Form Four, na mliimba kwaya moja.

Kazi yangu haikuwa kuuza. Ilikuwa kuosha. Nyama ikikaa mpaka ianze kuteleza na kubadilika rangi, naletewa kwa beseni nyuma ya duka. Naosha na siki, natia unga fulani mweupe, inarudi nyekundu kama imechinjwa asubuhi. Hiyo ndiyo inatundikwa mbele, watu wapikie watoto. Ule ute unabaki kwa vidole hata uoge mara ngapi.

Leshan anayekata nyama alikuwa ananicheka. "Kalunde, hiyo pua yako ni ya sista wa misheni. Nyama haina shida, shida ni wewe kunusa." Lakini yeye mchana alikuwa anakula maharagwe.

Jumatatu nikamwambia Mzee sirudi. Hakukasirika. Jana jioni akaja kwetu na shopping: unga, sukari, mafuta, na nyama kwa karatasi. Akaomba kwanza, macho yamefungwa, akinitaja kwa jina mbele za Mungu. Halafu ndio akasema amekuja kunichukua. Nitakaa kaunta nipokee pesa, beseni sitaligusa tena, na mshahara utakuwa karibu mara mbili. Mama akasema "Asante Yesu" kabla sijameza mate.

Nikuambie ukweli, nilitamani. Nilijiona kwa hicho kiti, mikono safi. Nilikuwa karibu kukubali. Nikauliza pole pole, "Na kuosha ataosha nani?"

Akacheka. "Hiyo si shida yako tena, mtoto wangu. Wasichana wa kutafuta kazi ni wengi hapa Kitengela."

Mama akanituma nipike. Nilipofungua karatasi, ile siki ikanipanda puani. Anti, mtu anakuja kuniomba nirudi, na ananiletea ile ile niliyokimbia, ampe mamangu ale.

Niliipika na vitunguu, nikapakua sahani moja tu, nikamwekea mbele yake.

"Karibu, Mzee."

"Mimi nimeshiba. Kuleni nyinyi."

"Aah, mgeni hatoki hapa bila kuonja," Mama akasema. "Hata kipande."

"Daktari alinikataza nyama."

"Jumamosi si ulimaliza mbavu za mbuzi kwa harusi ya Evalyne?" Mama akamuuliza.

Hapo akaanza kutafuta kofia, na ilikuwa kwa goti lake. Mama akavuta sahani, akanusa, akaniangalia. Ndio nikasema kazi sitaki. Nikaeleza Mama yote, beseni na unga, Mzee akiwa amekaa hapo hapo. Aliondoka bila kuomba.

Mama alizika ile nyama nyuma ya choo, mbwa wasifukue. Hajui kodi itatoka wapi, na mimi pia sijui. Lakini Jumatatu tunaenda Kajiado, kwa watu wa afya wa kaunti. Amesema atanisindikiza tu, kuongea ni mimi. Naogopa sana.

Msalimie Anko Masila na umbusu Nzula mdogo. Mungu awapatie mvua, na akuponye miguu.

Najua Mzee atakupigia, ili unishawishi. Ataanza na maombi. Tafadhali, Anti, usimwitikie amina.

Ni mimi mtoto wako, nakupenda kuliko ninavyojua kusema,
Kalunde