Kabula Aliyewafundisha Wenzake Kustahimili

Kata ya Migato,
Itilima, Simiyu.
16 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Nyamizi,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji Method na watoto. Je, baridi ya Mbinga imepungua? Na goti lako, bado linakusumbua unapopanda mlima kwenda shambani? Sisi huku tunapumua. Mayu, mama yetu mzee, anatembea mwenyewe hadi kanisani, ingawa macho yamezidi kufifia. Dengu tumevuna kiasi cha kushukuru.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nyumba yetu haina dari. Ukizungumza sebuleni, aliye chumbani anasikia kila neno. Na jambo lenyewe linamhusu aliye chumbani.

Kabula yupo nyumbani tangu mwisho wa Juni. Uliponiuliza, nilikujibu kwamba amekuja likizo. Nisamehe, dada. Ameahirisha masomo mwaka mzima. Mtoto anaumwa, na ugonjwa wenyewe hauna kidonda cha kumwonyesha mtu.

Unakumbuka nilivyojivuna Krismasi iliyopita? Chuo chao kilikuwa kimeanzisha mafunzo ya ustahimilivu, ya kuwasaidia wanafunzi wanaolemewa na mawazo: aliyefeli, aliyefiwa, anayekosa usingizi kwa hofu ya mitihani. Kabula akachaguliwa awe mmoja wa wanafunzi wanaowafundisha wenzao. Alipokuja likizo, katekista alimwomba aseme na vijana wa kigango. Akawafundisha namna ya kupumua taratibu hofu inapobana kifua, na kumtafuta mtu wa kuzungumza naye kabla mzigo haujazidi. Mimi nilikaa benchi la mbele nikawaza, huyu hata upepo uje wa namna gani, hataanguka.

Juni akanipigia Winnie, msichana anayekaa naye hosteli. Alisema Kabula ana siku nne hataki chakula, na mtihani wa kwanza umempita. Nikapanda basi kesho yake. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu amevaa na kamba amefunga, kama mtu anayetaka kutoka. Winnie akaninong'oneza kwamba amekaa hivyo tangu asubuhi.

"Shikamoo, Baba," akasema. Basi. Hakuuliza hata nimefuata nini.

Mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mpole, alinipokea ofisini kwake. Nikamwuliza, "Si huyu ndiye aliyekuwa anawafundisha wenzake?"

Akainamisha kichwa. "Ndiye, mzee. Ndiyo maana tulichelewa kumwona. Kila tulipomwuliza hali yake, alitujibu vizuri, vilevile tulivyomfundisha."

Nyamizi, maneno hayo nimerudi nayo hadi Migato na sijapata mahali pa kuyaweka.

Tulimpeleka hospitali Bariadi. Daktari alisema ni sonona, akatupa dawa na tarehe ya kurudi kila mwezi. Akanivuta pembeni, akaniambia dawa nizitunze mimi, na mtoto asiachwe peke yake kwa muda mrefu. Nilielewa anachokihofia. Sikuthubutu kumwuliza zaidi. Tangu siku ile kamba za ng'ombe nazilaza chumbani kwangu, na wifi yako Felisita akienda kisimani mimi siendi popote.

Mayu naye ana yake. Anasema marehemu bibi, ambaye Kabula amechukua jina lake, amesahauliwa na anadai. Alitaka tumwite mtu kutoka upande wa Maswa aje kutambika. Felisita akakataa katakata, akasema nyumba hii ni ya Wakristo. Walinuniana wiki nzima huku mimi nikila kwa mmoja na kunywa maji kwa mwingine. Mwishowe Mayu akamfunga mtoto ushanga mweupe mkononi, hakumwambia mtu. Felisita aliuona, akauacha. Nami nikauacha. Nani kati yetu ana hakika ya kitu?

Siku moja nilijaribu mwenyewe. Kwenye begi lake kulikuwa na kitabu kidogo cha yale mafunzo. Nikakisoma nikichunga, nikarudia kama mtoto wa shule, kisha nikaenda kukaa karibu naye. Nikamwambia kama kilivyoandikwa: "Sina haraka. Sikuja kukushauri. Niambie tu leo ni siku ya namna gani kwako."

Akaanza kulia. "Baba, hayo nimeyaandika mimi," akasema. "Ukurasa huo walinipa mimi niuandike."

Nilikirudisha kitabu kwenye begi, nikatoka kwenda kutazama ndama ambaye hakuwa na shida yoyote.

Mwezi uliopita walikuja vijana watatu wa chuoni, aliowahi kuwafundisha. Walikuwa wamesafiri tangu jana yake ili wamwone. Kabula akakataa kutoka. Tuliona aibu, lakini wao hawakukasirika. Waliketi uani wakamsaidia Felisita kupepeta dengu mpaka mchana ukaisha. Mmoja wao, kijana mrefu anayeitwa Januarius, aliniambia kwa sauti, nadhani kwa makusudi, dirisha likiwa wazi: "Mzee, mwaka jana mimi nilikuwa nimeshaamua kuondoka duniani. Kabula alikaa na mimi siku tatu. Ningekuwa kaburini."

Nikatazama dirishani. Nilisema moyoni, sasa atatoka. Mkono wake ukaonekana, ukalivuta dirisha, likafungwa.

Walipoondoka niliingia kumwambia. Akaniuliza, "Wamekula?" Nikajibu wamekula. Ndilo neno pekee alilosema siku ile. Felisita alilifurahia kana kwamba mtoto amepona. Mimi sijui nilipime kwa mizani gani.

Kuna jambo jingine, Nyamizi, na hili Felisita hajui. Mwanzoni mwa Juni, nilipokuwa kwenye foleni ya kupima pamba, Kabula alinipigia. Akasema, "Baba, una nafasi kidogo?" Kulikuwa na kelele, na zamu yangu ilikuwa imekaribia. Nikamjibu, "Kaza moyo mwanangu, nitakupigia." Sikumpigia. Nilisahau, kwa kweli nilisahau kabisa, mpaka nilipomwona na vile viatu.

Jumapili iliyopita, wengine wakiwa kanisani, nilimwomba msamaha. Nilimsimulia foleni, kelele, kila kitu. Alinisikiliza akiwa ameangalia sakafu, kisha akasema, "Sikumbuki hiyo simu, Baba."

Nimekaa na jibu hilo siku mbili. Sijui kama kweli hakumbuki, au ameniona nilivyo akanihurumia, kama alivyozoea kuwahurumia watu.

Sikuombi dawa, maana ningejua ya kuomba ningekuwa nimeshaitafuta. Alikuwa akikupenda shangazi yake kuliko sisi wote. Mpigie, hata asipokujibu. Msimulie habari za kahawa, za watoto, za mvua. Ila usimwambie akaze moyo. Nakusihi sana.

Nisalimie shemeji Method, mwambie nimepokea picha ya nyumba mpya na ni nzuri. Wasalimie Shida na mdogo wake. Mayu anakubariki kwa kinywa chake, na jirani yetu Shigela anakusalimu. Mungu awafunike hapo mlipo, na akipata nafasi apite na huku.

Kaka yako akupendaye,
Marcelo