Sauti ya Kike Kibandani kwa Kaka Idi

Mikumi, Jumamosi

Ile sauti ya mwanamke kwenye picha waliyoonyesha leo kibandani ni yangu. Sijamwambia mtu, hata mama.

Kaka Idi, mwenye kibanda cha video, hutafsiri picha za nje kwa Kiswahili na kuigiza sauti zote mwenyewe. Wanawake wakilia kwa sauti yake ya kiume, madereva wa malori wanaotazama hucheka. Ndipo akaniomba nimrekodie sauti za kike. Mimi, niliyekuwa naogopa hata kujibu swali darasani!

Aliniambia jambo ambalo sijaacha kuliwaza. Baadhi ya studio kubwa za Marekani zilianzishwa na watu kama yeye, waliokuwa na vyumba vya kuonyesha picha za wenzao. Walichoka kuzisubiri, wakaanza kutengeneza zao, kwanza mabandani, baadaye wakajenga mitaa ya bandia ya kuigizia. Mitaa mizima! Watu wale walithubutu kweli.

"Na sisi banda tunalo," akasema Kaka Idi.

Lakini baba anasema kibandani ni kwa wahuni. Akijua, atanipeleka Kisanga kwa bibi, na mambo ya picha yataishia hapo.

Jioni tukila baba akasema, "Nimepita kwa Idi. Kuna mwanamke analia kwenye picha mpaka madereva wamenyamaza. Nikasimama kusikiliza."

Mama akacheka. "Kumbe na wewe mhuni, Baba Neema?"

Nikainamia ugali. Nilitaka kusema ni mimi, lakini nikakumbuka Kisanga.

Shajara yangu, usimwambie baba. Nataka asikie kutoka kwangu, kwa sauti hiihii.