Kazi Niliyoikana Mbele ya Afisa

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta umepumzika kidogo, na goti halikusumbui unapopanda kutoka mferejini. Mimi huku ugenini ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechoka, sikufichi.

Umeniuliza mara tatu kwenye simu kwa nini sizungumzii tena safari ya mke wangu Upendo kuja huku. Tukiongea, yeye anakuwa karibu yako, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Serikali ya huku imeweka kanuni za mishahara kwa sisi wageni wa viza za kazi, ili matajiri wasitulipe chini ya wenyeji. Nilizifurahia sana. Kila mtu anapangiwa daraja kwa uzoefu wake, na mwenye daraja la fundi anaruhusiwa kumleta mke.

Afisa wa madaraja alikuja kwenye banda la ng'ombe ninakofanya kazi akaniuliza, kwenu ulikamua ng'ombe miaka mingapi? Pembeni yangu alisimama Prosper, Mkibosho wa mlimani kwetu ninayefanya naye kazi, na mdomo wake hauna breki. Nikaona nikisema kweli, kabla ya Krismasi mlima mzima utajua kwamba mwanaume wa Machame alikuwa anachuchumaa chini ya ng'ombe. Nikajibu, "Sijawahi. Kwetu hiyo ni kazi ya akina mama."

Wakaniweka daraja la chini kabisa, pamoja na watu wasiojua hata kushika chuchu. Na mimi ndiye ninayewafundisha!

Nikakata rufaa. Wakataka uthibitisho kutoka kijijini, na mtendaji akaja kukuuliza bila kukueleza ni wa nini. Amenisimulia ulivyomjibu: "Elinami? Yule ni mwanaume, bwana. Hajawahi kugusa kiwele." Sikulaumu, Mama. Ulinisitiri, kama ulivyonisitiri tangu Baba afariki, ulipokuwa unafunga mlango wa banda nikikamua ili majirani wasinione. Mtendaji aliandika ulichosema, rufaa ikatupwa. Nitabaki daraja hili mpaka mkataba uishe, miaka mitatu.

Inaniuma sana. Kazi pekee ninayoijua vizuri umenifundisha wewe, nami nikaionea aibu mbele ya wageni, nawe ukaionea aibu kwa ajili yangu.

Nisalimie baba mdogo na wote wa nyumbani kwake kihambani, na dada yangu wa Holili akipanda kuja kukuona. Bibi umshikie mkono, umwambie namkumbuka.

Upendo hajui lolote. Nimejaribu kumwandikia, mkono unagoma. Naomba umwambie wewe, lakini awe ameshakula. Yale makoti ya baridi aliyonunua mitumbani pale Memorial, mwambie ayatunze vizuri.

Hapana, Mama. Ayauze tu.

Mwanao anayekupenda,
Elinami