Tandala Mwenye Mabawa: Mwaka Mmoja Bila Otsile Motshegare

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Baba, na tuanze pale ulipopenda kuanzia mwenyewe kila wageni walipokuja: siku ile mjinga ulikuwa wewe.

Ulikuwa msaidizi wa mafundi kwenye kambi ya ndege za jeshi, Pretoria. Ndege moja ndogo ya mizigo, iliyopewa jina la Kudu, yaani tandala, ilikuwa imechakaa, na sajini Venter akakupa msumeno uikate iwe chuma chakavu. Ukamrudishia. Sisi Barolong tandala ndiye mnyama wa ukoo wetu. Tunasalimiana kwa jina lake, hatumli, hatumtii kisu.

"Motshegare, hili ni bati!"

"Mngeliita Bati, sajini, saa hizi ningekuwa nimeshalikata nakunywa chai. Nani aliwatuma mliite kwa jina la ndugu yangu?"

Akakufukuza. Mwenzako akaikata jioni ileile. Ukarudi Mahikeng mikono mitupu, na Mama akakuuliza kama tandala angalau alikuambia asante.

Tulikula uji mtupu hadi makumbusho ya ndege yalipotafuta mtu wa kuwazungusha wageni. Huko ukamkuta Kudu mwingine, mzima. "Tholo!" ulimwamkia kila asubuhi, yaani tandala kwa Kitswana chetu, kabla ya kumwamkia bosi.

Watoto wa shule walikuuliza maswali yaleyale, nawe hukuchoka.

"Babu, kwa nini jeshi la anga linazipa ndege majina ya wanyama?"

"Kwa sababu namba haimtishi mtu."

"Sasa Impala si swala tu? Swala anapigana?"

"Wewe hujapigwa teke na swala."

"Na yule Cheetah, duma, ana kasi gani?"

"Muulizeni mkia wake. Mimi niliuona huo tu."

Nyumbani hukukaa kitini. Ndege ikinguruma juu, ulitoka mbio na kijiko mkononi, uji ukidondoka, uitaje jina kabla haijapotea. Sasa zikipita sote tunanyanyuka, halafu tunabaki tumesimama hatujui tufanye nini.

Wanaokukumbuka, leo na siku zote, ni mkeo Gaogalalelwe, wanao Boipelo na Thuso, mdogo wako Molefi, wajukuu, na ukoo mzima wa Motshegare. Jumamosi tunafunua jiwe la kaburi lako, na hapo ndipo usingizi ulipotuishia. Jiwe liko tayari ila picha. Mchongaji amesimama uani tangu asubuhi, patasi mkononi, anasema leo au basi.

Baba mdogo Molefi anataka tandala mwenye pembe. Thuso anataka ndege.

"Kaburi la Morolong mwenzetu haliwekwi bati lenye mabawa," Baba mdogo akasema. "Wazee watanicheka."

"Baba alifukuzwa kazi kwa ajili ya hilo bati!"

"Ndiyo maana! Umchoree ujinga wake juu ya kichwa?"

Wakazunguka uani wakifokeana, Boipelo akilia, mchongaji akitazama saa. Mama akatoka jikoni, akijifuta mikono kwenye aproni.

"Molefi, shemeji yangu. Mwenye pembe hatumli, sawa?"

"Sawa, Mma."

"Na yeye hajawahi kutulisha. Ada yako ya shule ililipwa na mwenye mabawa. Fundi, chonga ndege."